Mvua ya Hiroshige na mikono iliyoichapa

Kazi yangu ni kuprinti fulana na mifuko ya nguo, kwa skrini na wino, hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo nikitazama picha za Japani zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, jicho langu haliendi kwanza kwa mchoraji. Linamtafuta fundi aliyezichapa.

Ninayoirudia kuliko zote ni ile ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi, aliyoitoa mchoraji Utagawa Hiroshige mwaka 1857 katika mfululizo wake wa mandhari mia moja maarufu za Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Wingu jeusi limetanda juu kabisa. Watu darajani wamejikunyata, wengine wamebanana chini ya mwavuli mmoja. Chini, mtoni Sumida, yuko mtu peke yake anasukuma chelezo cha magogo kwa upondo.

Sasa itazameni ile mvua kwa karibu. Kwenye uchapaji wa ubao, kinachobeba rangi ni sehemu iliyobaki juu, si ile iliyochimbwa. Maana yake kila mstari wa mvua ni ukingo wa mti uliobakizwa umesimama, mwembamba kama unywele, huku mbao za pande zake zote mbili zikiondolewa kwa kisu. Patasi ikiteleza mara moja, mstari umekatika. Na mvua hii ina mbao mbili: moja ya mistari iliyokolea, nyingine ya mistari iliyofifia, na pembe zake zimepishana kidogo. Ndiyo sababu mvua inaonekana ina kina, kana kwamba nyingine iko mbele na nyingine nyuma.

Kazi yenyewe iligawanywa kwa watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua kitoke nini. Kwa mfululizo huu alikuwa Uoya Eikichi. Mchoraji alichora kwenye karatasi laini. Mkataji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani na kukata humo humo, hivyo mchoro wa asili ulikufa kazini. Kisha mchapaji: analowanisha karatasi, anapaka rangi ya maji ubaoni kwa brashi, analaza karatasi, anaisugua mgongoni kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, kiitwacho baren. Kila rangi na ubao wake. Ili rangi zote zikae mahali pake, mkataji huacha alama mbili ubaoni, moja ya kona na moja iliyonyooka, zinazoitwa kento, na karatasi inaegemezwa hapo kila mara. Anayeprinti kwa rangi nne au tano ataelewa kwa nini alama hizo ziliniondoa usingizi.

Jina la Hiroshige lipo kwenye karatasi. Jina la mchapaji, kwa kawaida, halipo popote. Lakini mkono wake unaonekana, ukijua pa kuutafuta, na hapa ndipo intaneti ilipofanya jambo ambalo kitabu hakiwezi. Brooklyn Museum ya New York ina seti kamili ya mfululizo huu na picha zake ziko wazi mtandaoni. Metropolitan Museum iliruhusu tangu Februari 2017 watu wapakue bure picha za kazi zake zisizobanwa na hakimiliki. Halafu kuna ukiyo-e.org, tovuti iliyojengwa na John Resig, inayokusanya picha za makumbusho mengi: unaweka picha uliyo nayo, inakuletea nakala zinazofanana nayo.

Ziwekeni nakala za mvua hii sambamba mtazame wingu tu. Umbo lake halikuchongwa ubaoni. Mchapaji alilitengeneza mwenyewe kwa maji na brashi, kila karatasi upya, akififisha weusi kuelekea chini. Nakala moja wingu ni zito na limeshuka, nyingine ni jepesi. Ubao ule ule, mchoro ule ule, lakini uamuzi ni wa mtu aliyekuwa ameinama juu ya meza siku ile. Vincent van Gogh aliinakili picha hii kwa rangi za mafuta mwaka 1887, na naipenda kazi yake, ila mvua yake ni ya brashi. Haina ile nidhamu ya kisu.

Picha ya wimbi kubwa ya Hokusai, mchoraji mwingine wa Japani, nayo inasomeka hivyo hivyo. Ubao ulichoka kadiri ulivyochapa, na mistari ya kisanduku kilichozunguka jina la picha, juu kushoto, ilianza kukatika. Kwa mikatiko kama hiyo watafiti hupanga nakala ipi ilitangulia ipi. Fungueni picha kubwa kabisa, ile inayokula bando, kwa sababu ile ndogo haionyeshi kitu hapo.

Anayetaka kuona mikono yenyewe ikifanya kazi, amtafute YouTube David Bull, aliyeanzisha karakana ya Mokuhankan mtaa wa Asakusa, Tokyo. Anachapa polepole huku anaeleza. Anzeni na video ambazo anafifisha rangi, mtazame brashi inavyopewa maji upande mmoja tu.