Kope ya Mabondo

Nilimwokota paka huyu Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, akigombania kichwa cha sangara na kunguru. Nikamwita Mabondo kwa utani: mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, ni ghali, na yeye alikuwa mifupa mitupu na jicho la kushoto linalochuruzika.

Nikasingizia vumbi la dagaa. Mimi mwenyewe hurudi kutoka sokoni macho yamewiva. Miezi miwili ikawa kazi yangu kufuta: pamba, maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kijiko kidogo kwa nusu lita. Asubuhi jicho safi, jioni matongotongo yamerudi. Halafu nikafanya ujinga. Nikamtia matone ya mzio yaliyobaki ya mwanangu. Siku ya tatu hafumbui kabisa, na utando mweupe umejitokeza upande wa pua. Nikasema basi, ni mtoto wa jicho.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Dodoma, akacheka. "Huyo ana vikope, mwanangu. Mama yangu alikuwa anang'olewa kope na kibano." Nikawasha tochi ya simu. Ukingo wa kope ya chini haukuonekana. Manyoya yalikwenda moja kwa moja hadi kwenye mboni, yameloa na kugandia. Nikavuta ngozi chini kwa kidole gumba, ukingo ukatoka, wa waridi. Nikaachia, ukajikunja tena ndani.

Daktari wa mifugo aliomba kwanza chupa ya matone. Akasoma: deksamethasoni. Akaniambia niyaache siku hiyohiyo, kwani kwenye jicho lenye kidonda dawa hiyo huchelewesha kupona na kidonda kinaweza kuchimba hadi jicho litoboke. Kisha akatia tone la ganzi, tukasubiri. Wakati mwingine kope hujikunja kwa sababu paka anafinya jicho kwa maumivu tu. Ganzi ikishika, inanyooka yenyewe. Ya Mabondo haikunyooka. Akatia rangi ya chungwa, akamulika kwa taa ya bluu: mchubuko ukang'aa kijani, pale pale manyoya yalipokuwa yakisugua.

Na ule utando? Kope ya tatu. Kila paka anayo. Jicho likiuma hurudi ndani kidogo, nayo inateleza kulifunika. Ikitokea macho yote mawili, alisema, nitazame mwili mzima, minyoo na kuhara vikiwemo.

Alimlaza, akakata kipande cha ngozi chini ya jicho, chembamba kama ukucha uliokatwa, akashona ili kope ivutwe nje. Mimi nikabaki na marhamu ya antibayotiki mara tatu kwa siku, na vita vya kola ya kumzuia asikune jicho, niliyomkatia kutoka ndoo ya rangi. Wiki mbili aligonga kila mguu wa meza. Nyuzi zikatolewa.

Kovu limebaki kwenye jicho, kama ukungu mdogo. Ukidhani haoni vizuri, uliza dagaa niliowaanika kwenye ungo jana.