Ikifika tarehe 20

Kuna kitu nataka kusema wazi. Mimi hushika petikashi, ile pesa ya matumizi madogo, kwa ofisi moja ya kusafirisha mizigo huku Industrial Area, Nairobi, na mwaka jana mtoto akiwa nyumbani juu ya karo, landilodi anapiga simu kila jioni, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, inameza kila shilingi ikiingia, nilianza kuangalia pesa ya kazi kama yangu. Boda amepeleka bahasha kwa 150, mkono unaandika 250 kwa vocha. Sikuamka siku hiyo nikiwa mwizi, ni vile kichwa kilikuwa kimejaa hiyo karo mpaka kesho sikuiona kabisa.

Baadaye nikasoma utafiti uliotoka kwa jarida la Science mwaka wa 2013, waliwapima wakulima 464 wa miwa kule Tamil Nadu, India, kabla ya kuvuna na baada ya kuvuna, watu walewale, na kabla ya mavuno, pesa ikiwa chache, walifanya vibaya zaidi kwa majaribio ya kufikiri. Haukuwa utafiti wa wizi, lakini nilijiona hapo.

Na si maskini tu, nimeona wenye mishahara minono wakiongeza pesa kwa risiti kwa sababu wanajilinganisha na majirani wao Kileleshwa na wanahisi wamepungukiwa.

Nilifanya hivyo mara tatu, nikarudisha 300, nikamwambia bosi. Alinyamaza sana, halafu akauliza kama kulipwa nusu mshahara tarehe 15 kungesaidia. Tulianza Machi.