Siku moja maishani mwangu: ofisi ya kumbukumbu za shahada za juu, Unguja

Saa moja na nusu asubuhi ninafungua ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi wa shahada za juu katika kitivo cha masomo ya dini, kwenye chuo kilicho nje kidogo ya mji, na katika wiki ya kwanza ya muhula huwakuta watu mlangoni kabla sijatia ufunguo. Wengi ni masheikh na walimu wa skuli wanaosoma huku wakifanya kazi. Wengine wamevuka kwa meli kutoka Pemba, na karibu kila mmoja ameshika bahasha ya matokeo ya chuo alichotoka, akitaka kujua atahesabiwa krediti ngapi.

Bahasha hizo ndizo zinazokula asubuhi yangu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo za darasani, za kujisomea, za kuandika na za mitihani, kwa hiyo shahada ya uzamili yenye krediti 180 ni saa 1,800. Katika mfumo wa pamoja wa Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30. Marekani huhesabu kwa wiki: saa moja ya darasani na mbili za nje ya darasa, kwa muhula wa wiki zipatazo 15, yaani takriban saa 45.

Saa mbili aliingia mwombaji aliyesomea uchungaji Marekani katika ngazi ya uzamili, ambaye sasa anataka kusoma nasi dini linganishi. Shahada aliyonayo, kwa viwango vya chama kinachoidhinisha vyuo vya theolojia vya Marekani na Kanada, haipungui krediti 72, na alichelea kwamba namba hiyo ni ndogo mno mbele ya 180 zetu. Nilimpigia hesabu palepale: 72 mara 45 ni saa 3,240, ambazo kwa kipimo chetu ni krediti 324. Uso wake ulichangamka, ikanibidi nimtulize, kwa sababu wingi wa saa hauifanyi kozi ihamishike. Mahubiri na mazoezi ya huduma kanisani havina kozi inayolingana navyo kwetu. Nilichoweza kukipeleka mbele ya kamati ni historia, Kiebrania na falsafa ya dini. Zaidi ya hayo, kozi zilizokwisha kumpatia mtu shahada moja kwetu humwondolea masharti ya awali tu. Hazipunguzi jumla ya shahada nyingine.

Wastani wake wa 3.4 nao ulitaka uangalifu. Ulikuwa katika kipimo chenye kilele cha 4, ilhali shahada zetu za kwanza hupimwa kwa kilele cha 5, ambako 3.4 ni daraja la pili la chini. Afisa anayesoma wastani bila kuuliza kilele chake ni ngapi atamdhulumu mtu, na sioni udhuru wa kufanya hivyo wakati kipimo huwa kimeelezwa kwenye hati yenyewe.

Saa nne alikuja kijana wa Wete aliyekuwa akisoma Khartoum hadi vita vilipozuka Aprili 2023.

"Ukhti, mimi nina hii tu," alisema, akinionyesha picha ya matokeo kwenye simu.

Kanuni inataka hati itoke chuoni moja kwa moja, ikiwa na muhuri. Ni kanuni ya busara wakati wa amani, kwani inazuia hati za kughushi, lakini kumtaka kijana huyu alete muhuri wa ofisi iliyofungwa kwa mabomu ni kumfukuza kwa adabu. Nilimwandikia pendekezo la udahili wa muda: alete mihutasari ya kozi ili tukadirie saa zake, na wahadhiri wawili wampime kwa mtihani. Alama zake nyingi ni jayyid jiddan, yaani "vizuri sana" kwa Kiarabu, ila neno hilo pia halianzii asilimia ileile kila chuo, kwa hiyo nimeomba atafute jedwali la alama la chuo chake.

Sala na chakula vilipita haraka.

Saa nane alifika sheikh mtu mzima, amepata C katika usulu-l-fiqhi, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu.

"Mwanangu, C ni kufeli? Mbona nilipokuwa shahada ya kwanza nilifaulu nayo?"

"Kweli, Sheikh, ilikuwa ya kufaulu huko. Kwa uzamili hapa kwetu kozi inafaulu kuanzia B, na A ya kozi nyingine haiifidii."

Nilimweleza kwamba anaweza kurudia mtihani mara moja, na kwamba angekuwa mgonjwa angeomba alama ya "haijakamilika" kwa cheti cha daktari, mradi aombe kabla ya mtihani. Ikipita tarehe ya kukamilisha, alama hiyo nayo hugeuka kufeli. Hakupenda, lakini alichukua fomu.

Baada yake alikuja mwalimu wa skuli aliyetaka kujisajili kwa mzigo kamili. Krediti 60 kwa muhula wa wiki 15 ni saa 40 kila wiki, nayo ni ajira nyingine nzima juu ya ile aliyonayo. Nilimshauri achukue nusu, na akiona anazidiwa aifute kozi kwa fomu kabla ya tarehe ya mwisho, maana anayeacha tu kuhudhuria bila kuandika hubaki kwenye orodha na kupewa sifuri.

Saa tisa nilibaki na orodha ambayo kila muhula huniudhi: waliomaliza kozi, wako kwenye tasnifu, na hawakujisajili kwa kudhani kwamba asiye na darasa hana usajili. Kumbe msimamizi hawezi kusoma sura ya mtu ambaye chuo hakimtambui, na muda wa juu wa kumaliza unaendelea kuhesabiwa. Mwenye sababu ya kweli, kama uzazi au msiba, anatakiwa aombe kuahirisha kwa barua ili saa isimamishwe. Nimewapigia simu mmoja mmoja. Waliopokea wataletewa namba ya malipo leo jioni, na ambao hawakupokea nimewaandikia barua zitakazopitia kwa wasimamizi wao.