Plasta ya Pili

Mama alirudi kutoka Chennai, India, na mrija mkononi. Ulikuwa mwembamba kama tambi: unaingilia juu kidogo ya kiwiko, unapita ndani ya mshipa hadi karibu na moyo. Mishipa yake ya kawaida ilishakakamaa, na ile dawa nyekundu ya saratani ikivujia nje ya mshipa huunguza nyama. Manesi wa kule walinifundisha: nawa mikono, sugua kichwa cha mrija kwa spiriti sekunde 15, safisha kwa maji ya chumvi ukitumia bomba la sindano la mililita 10. Bomba dogo lina msukumo mkali, laweza kupasua mrija. Plasta ibadilishwe kila baada ya siku 7, au mara tu ikibanduka.

Hilo la mwisho ndilo nililolipuuza. Joto la Dar mwezi Februari mnalijua. Alhamisi plasta ikabanduka pembeni kwa jasho. Kliniki ilikuwa Jumatatu, nikabandika juu yake nyingine, ya dukani.

Jumamosi jioni nikausafisha mrija kama kawaida. Nusu saa baadaye mama alianza kutetemeka, kitanda kikawa kinagonga ukuta. Kipimajoto kikasoma 38.9.

"Malaria hiyo," shangazi akasema, Panadol tayari mkononi.

Hospitalini daktari wa zamu, kijana tu, naye akaanzia hapohapo. Kipimo hakikuonyesha malaria. Akataka atuandikie vidonge, turudi asubuhi.

"Dokta, yuko kwenye kemo, na ametetemeka baada ya mrija kusafishwa. Naomba damu ichukuliwe kwenye mrija na kwenye mshipa wa kawaida, kisha aanzishiwe antibayotiki ya sindano usiku huuhuu."

Akanitazama, akatoka kupiga simu. Aliporudi alikuwa na chupa za kuchukulia damu.

Bakteria waliota kwanza kwenye chupa ya mrija, dalili kwamba mrija ndio chanzo. Ikaamuliwa utolewe. Nesi aliuvuta taratibu, nikadhani hauna mwisho, akaulaza kando ya rula: sentimita 41, sawasawa na urefu ulioandikwa kwenye kadi ya India. Hakuna kipande kilichobaki ndani.

Mama, aliyekuwa ameelekea ukutani, akageuka.

"Wote huo?"

"Wote, mama."

Akautazama kitambo. Kisha akaniuliza ile plasta ya pili niliinunua duka gani.