Modeli Yangu Iligandisha Udongo Kupita Kiasi

Kwa miezi mitatu niliihangaikia Februari moja tu. Modeli yangu ya kompyuta inayokadiria joto la udongo wa tundra (nchi ya baridi isiyo na miti), eneo la Ziwa Toolik kaskazini mwa Alaska, ilitoa udongo wenye baridi kali kuliko ile iliyorekodiwa na vipimajoto vilivyofukiwa pale. Hewa ikishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, udongo wangu nao unaporomoka. Udongo wa kweli ulikuwa ukishuka taratibu, tena kidogo.

Nikausingizia udongo. Nikaongeza unene wa mboji, nikapunguza unyevu. Februari ikapata nafuu, Julai ikaharibika.

Jibu nililipata Aprili, nilipokwenda mwenyewe. Ni kama kilomita 600 kwa barabara kutoka Fairbanks. Mwenzangu alinikabidhi koleo, tukachimba shimo kwenye theluji ya nusu mita hivi. Juu ilikuwa ngumu, imeshindiliwa na upepo hadi tukaikata kwa msumeno kama matofali. Nilipofika chini, ukuta wa shimo ukaanza kumwagika wenyewe. Nilikinga kiganja: chembe kubwa kama punje za mchele, zina mistari, nyingine ziko wazi ndani kama vikombe vidogo, zinateleza kati ya vidole kama sukari ya mawe. Nilikaa nazo mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Chembe hizo huota mwanzoni mwa baridi, udongo ukiwa bado na joto na hewa ya juu imeshapoa sana. Mvuke hupanda kutoka chini na kuganda upya njiani. Kwa kuwa chembe zinagusana kidogo, joto hupita kwa shida; theluji iliyoshindiliwa na upepo inaweza kupitisha joto mara tano zaidi. Mimi nilikuwa nimeweka theluji ya aina moja, yenye msongamano wa wastani. Lakini joto linalotoka udongoni lazima lipite tabaka zote mbili, moja baada ya nyingine, na ile inayozuia zaidi ndiyo inayoamua. Nikaigawa theluji ya modeli katika tabaka mbili. Februari ikakaa sawa, bila kuigusa mboji.

Ikabaki Mei. Theluji ikiisha, udongo wangu uliruka juu ya sifuri siku ileile, wakati vipimajoto vilionyesha sifuri, sifuri, sifuri, siku nyingi mfululizo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu hula kilojuli 334 za nishati; kuipandisha kilo ya maji nyuzi moja ni kilojuli 4.2 tu. Barafu iliyomo udongoni ndiyo iliyokuwa ikilimeza joto lote. Hesabu hiyo nilikuwa nayo, ila nilipiga hatua ya siku nzima, yaani modeli ilikokotoa mara moja tu kwa siku, nayo ikairuka sifuri bila kulipa gharama yake. Nikashuka hadi hatua ya saa moja, nikawa nafuatilia nishati iliyomo udongoni kwanza, halijoto ikatokana nayo. Hapo mstari ukalala kwenye sifuri kama inavyotakiwa.

Kazi iliyobaki ni mabondeni. Upepo hurundika theluji huko, nayo huwepo bado Juni wakati vilima vimeshakuwa vyeusi na vinanyonya jua. Modeli yangu inaondoa yote kwa pamoja. Sasa naligawa eneo vipande kulingana na kina cha theluji, na nimeanza na bonde lilelile tulilochimba shimo.