Siku tano za kuchimba dawa

Mwambie Mtanzania yeyote aliyewahi kupanda basi la mkoani kwamba unakwenda kuchimba dawa, atakuonyesha kichaka kilipo. Nilimpigia mteja wangu mmoja kumwambia gauni lake litasubiri kidogo, naenda kuchimba dawa siku tano. Akanyamaza, kisha akauliza kwa huruma ya kweli: "Siku tano, dada? Kwani umekula nini?"

Mimi ni fundi cherehani, hapa hapa Dodoma mjini. Kilichonipeleka porini ni kikoba chetu. Akina mama walikuwa wanatafuta mradi, na kila tukipita sokoni tunaona sabuni ya mwarobaini na unga wa mlonge vinatoka. Tukachanga ili mmoja wetu akajifunze miti ya dawa, na kura ikaniangukia mimi, ambaye nyumbani hata mchicha naununua.

Mwalimu wetu ni mzee wa Kigogo upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino. Amesajiliwa, tena anapenda watu wajue hivyo: cheti kimetundikwa sebuleni jirani na kalenda ya mwaka juzi. Tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 kuna Baraza linalosajili waganga, na yeye akikuonyesha kile cheti anasimama wima kama anapigwa picha. Tulikuwa wanafunzi wanne. Sote tulimwita Babu.

Nilikwenda na daftari jipya nililolipigia mistari usiku wa kuamkia safari: safu ya jina la mti, safu ya ugonjwa, safu ya kipimo. Nimerudi safu ya ugonjwa ikiwa karibu nyeupe.

Kwanza, ulikuwa mwezi Agosti. Anayeijua Dodoma anajua Agosti: mvua ya mwisho ilishasahaulika tangu Aprili, upepo unabeba vumbi mpaka ndani ya chai, na miti imepukutisha majani yote. Pori zima ni fito za rangi ya majivu. Nilisimama pale nikaona mti mmoja umerudiwa mara elfu. Nikamuuliza Babu kwa nini asituite Februari, majani yakiwepo. Akanitazama miguu, maana nilikuwa nimevaa ndala, akasema, "Mjukuu wangu, wagonjwa wako wote wataugua Februari?"

Siku mbili za kwanza hatukukata hata kijiti. Tulishika tu. Alinifunga macho kwa mtandio wangu mwenyewe, akanivuta mkono toka shina hadi shina. Mlungulungu, ambao wengine wanauita mjafari, ndio uliokuwa wa kwanza kunikaa, kwa sababu uliniuma: shina lake lina vinundu vigumu kama matiti ya mbuzi, na juu ya kila kinundu kuna mwiba. Babu alitoa mfukoni majani yake makavu, akayafikicha chini ya pua yangu. Harufu ya ndimu kabisa. Mkalya ulinipita mara tatu nikiuita jina jingine. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alikuwa anautambua kila mara, na kila mara alikohoa kidogo ili nijue kwamba ameutambua. Baadaye Babu alimpa unga wa gome la mzizi wake anuse, ule ambao watu wanautumia kichwa kikiuma, akapiga chafya mpaka machozi. Sikumwonea huruma.

Siku ya tatu ndipo tulipotoka na panga na jembe. Babu hakuanza na mti mzima. Alitupeleka kwenye mlungulungu uliokufa, umesimama, gome limetolewa kuzunguka shina lote kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa changu. Watu walikuja na pikipiki na viroba, alisema, wakamaliza kazi yao kabla ya saa nne asubuhi. Mti haukufa siku ile wala mwezi ule. Chakula cha mti kinapikwa kwenye majani, kisha kinateremka kwenda mizizini kupitia ndani ya gome. Ukilitoa pande zote umeikata njia. Mizizi inakula akiba yake, inaisha, basi. Kwa hiyo aliyekata hauoni mti ukifa. Anapita tena msimu unaofuata, anakuta bado una majani, anaamini hakufanya kosa.

"Mbuyu ndio unaowadanganya," Babu akasema. Nikadhani ni methali. Kumbe alimaanisha hivyo hivyo. Mbuyu unachunwa gome kwa kamba, tena kuzunguka, na unaota gome jipya ukaendelea na maisha yake kama vile hakuna kitu. Mtoto anayekua akiuona mbuyu umevuliwa nguo na bado unazaa ubuyu, atajuaje kwamba mlungulungu hauwezi?

Nilikata kipande changu upande mmoja tu wa shina, kirefu kuliko upana, kama nilivyoelekezwa. Mkono wa fundi cherehani umezoea mkasi, panga likazama mno, likafika kwenye mti mweupe. Babu hakusema kitu. Aliokota kile kipande, akanionyesha ganda la mbao lililong'ang'ania nyuma ya gome, halafu akaenda kukanda udongo na kinyesi cha ng'ombe ili afunike kidonda. Alikikanda muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naamini kwa makusudi. Mzizi niliupata vizuri zaidi: unaanza mbali na shina, unafukua taratibu mpaka uupate mmoja wa pembeni, unachukua huo mmoja, unarudisha udongo na kuukanyaga. Magome na mizizi vinakatwakatwa siku hiyo hiyo vikiwa vibichi, maana vikikauka utavunja panga. Majani yanakaushwa kivulini. Hayo ndiyo yaliyojaa kwenye daftari langu.

Siku ya nne nilitaka kukatisha njia. Nyumba nyingi kule zina uzio wa minyaa, nikajipenyeza pale palipo na upenyo, tawi likakatika, nikajifuta jasho. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, wasomaji wangu, ni pilipili na moto kwa pamoja. Nilipiga kelele nisizojua kwamba ninazo. Bibi, mke wa Babu, alitoka jikoni, akanilaza kichwa pembeni na kunimiminia maji, kikombe baada ya kikombe, mpaka ndoo nzima ikaisha, halafu ya pili. Maji yale yalibebwa kichwani tangu kisimani, na nilisikia kila kikombe kikimwagika.

Nilisubiri Babu alete dawa. Nilikuwa mwanafunzi wa mganga, nyumbani kwa mganga, jicho likiwaka. Alimwita kijana wa bodaboda, akamwambia: "Mpeleke zahanati sasa hivi. Jicho siyo langu." Muuguzi akaosha tena, akanipa dawa ya matone, akaniambia nirudi kesho yake. Yule kijana alininyamazia njia nzima kwenda na kurudi, na ndipo nilipomsamehe vile vikohozi.

Jioni ile, jicho moja likiwa limevimba, Bibi alinipa ugali wa uwele na mlenda mkavu. Nikamuuliza mlenda wenyewe aliutoa wapi. Porini, wakati wa masika, alisema, na akaanza kunitajia aina moja baada ya nyingine: upi unachumwa ncha tu, upi unaoachwa mpaka utoe mbegu, upi unaoharibika ukichelewa kuuanika. Alitwanga, akaweka kwenye chungu, na huo ndio tuliokuwa tunakula Agosti. Hakuwa kwenye ratiba ya mafunzo. Nilifungua daftari, yeye akacheka: "Mlenda nao unaandikwa?"

Kikobani nimetoa taarifa yangu. Wapo walionuna, walitegemea nirudi na dawa ya sukari na ya presha. Nimewaambia tutaotesha mlonge wetu wenyewe nyuma ya nyumba ya katibu, tuukaushe kivulini, tuuze kama mboga ya unga bila kumwahidi mtu kupona. Babu alinichekesha juu ya hilo: huo mlonge na mwarobaini, dawa asili zinazouzika kuliko zote mjini, asili yake ni India. Babu yake hakuwahi kuviona.

Jumamosi nilipita soko la Majengo kununua vitunguu. Kwenye meza moja kulikuwa na rundo la magome, nikalitambua kabla sijalishika, vile vinundu. Nikaokota kipande kimoja. Kilikuwa kimejikunja kama bomba, mshono mmoja tu, upana wake ni shina zima. Mama muuzaji akaniuliza kama anipimie. Nikamuuliza mti wenyewe uko wapi.

"Sijui, mwanangu," akasema, "mimi nanunua jumla."