Mbalamwezi ya tarehe 14, Ujiji

Ziwa Tanganyika limeng'aa lote usiku huu na hakuna taa hata moja majini. Dagaa hufuata mwanga gizani. Mwezi ukijaa wanatawanyika, na taa ya mvuvi haina kazi. Mitumbwi iko mchangani, vichanja vitupu, na dukani daftari la mikopo linaongezeka kurasa. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, dhiki ilikuwa ndefu zaidi, ila sura yake ni hii hii.

Linalonigusa ni kwamba tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, siku nyeupe, ndizo za sunna ya kufunga. Ziwa linapofunga mkono, ndipo mja anapoitwa. Subhanallah.

Basi anayeitika aitike sawasawa. Kosa la kwanza hapa kwetu ni saa. Jua la Kigoma linachwa karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, na saa za ukutani ni zile zile. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Dar amekula jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, na funga yake imeharibika. Simu nayo ikiwa imewekewa mji wa Dar itadanganya vivyo hivyo.

Kwa swala ya usiku, hesabu ni nyepesi. Magharibi ikiwa saa 1:05 na alfajiri saa 11:50, usiku una saa 10 na dakika 45. Gawa kwa tatu: saa 3 na dakika 35. Theluthi ya mwisho, ndiyo bora kwa swala hii, basi inaanza saa 8:15. Mwenye mzigo moyoni hutaka kuanza na rakaa 8 usiku wa kwanza, na usiku wa tatu hasikii hata kengele. Rakaa 2 na witri, swala ya kufungia usiku, zinatosha. Sijida ndiyo irefushwe.

Na aseme nini? Kwa watu wa ziwa, dua ya Nabii Yunus ndani ya tumbo la samaki: *La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu mina dhalimin*. Itazameni vizuri. Anampwekesha Mola, anamtakasa, anakiri kosa lake. Hakuomba kutolewa. Hakutaja samaki, wala giza, wala bahari. Aliyemsikia alikuwa anajua yote hayo. Kinachoharibu dua zetu ni haraka, Mtume (s.a.w.) ametuambia mja hujibiwa maadamu hajasema, "Nimeomba, sikujibiwa."

Lakini mtu akilia usiku juu ya deni, asubuhi akalikwepa duka la mdai wake, amechukua nusu ya Kitabu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya al-Baqara, inazungumzia kuandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake na mashahidi. Wengi wetu tunakopeshana kwa mdomo, "mwezi ukiingia giza nitakupa", na hapo ndipo udugu unapokatika, kwa sababu kila mmoja anakumbuka kiasi chake. Aende kwa mdai kabla hajatafutwa, wataje kiasi, waandike tarehe, waite mashahidi. Na mwenye duka, ndugu yangu, aya ya 280, mbili tu kabla ya hiyo, ni yako: mdaiwa akiwa na dhiki, angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi.

Saa 8 imepita. Mwezi umeanza kuinamia upande wa Kongo. Kila usiku sasa utachelewa kuchomoza, na ukifika tarehe 20 utatoka kuelekea saa 6 usiku. Giza la mwanzo wa usiku litarudi, na taa zitawashwa tena.